Brashi ya Kukanda Kichwa: Inachoweza na Isichoweza

Brashi ndogo ya silikoni, yenye meno mafupi manene na kishikio cha kupitisha vidole, sasa ni bidhaa ya kawaida katika biashara ya vipodozi Afrika Mashariki, na maneno yanayosemwa juu yake hayapatani. Muuzaji anasema inaotesha nywele mahali zilipopotea. Msusi anasema inavuruga nywele na kuharibu kazi yake. Jirani anasema vidole vinatosha, na pesa hiyo afadhali inunue mafuta. Mwanamke wa Nyakalengija, Kasese mjini au Bwera, magharibi mwa Uganda, ambaye nywele za pembeni ya paji lake zimeanza kurudi nyuma, anabaki na maswali mawili: kifaa hiki kinasaidia kweli? Na kama kinasaidia, achukue kipi? Yote mawili yana majibu, lakini yanatanguliwa na swali la tatu ambalo dukani haliulizwi: nywele zimepotea kwa sababu gani? Hoja yangu ni kwamba brashi ni chombo kizuri cha kusafisha na kutuliza ngozi ya kichwa yenye afya, kwamba ushahidi wa kuotesha nywele kwa njia hiyo bado ni mdogo, na kwamba kwa wengi wa eneo hili chanzo cha kupoteza nywele kiko mahali ambapo brashi haifiki.

Unywele unavyoota

Unywele tunaouona umeshakufa. Kilicho hai ni shina lake, ndani ya kifuko kidogo kilichozama katika ngozi. Kichwa cha mtu mzima kina vifuko vipatavyo 100,000, na kila kimoja kina mzunguko wake: hukuza unywele kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kwa miezi 3 hivi, kisha huuachia na kuanza mwingine. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Nywele za Waafrika nazo zina tabia zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta zinakua wastani wa mikromita 256 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya milimita 8 kwa mwezi, wakati za watu wenye asili ya Ulaya zilikua mikromita 396. Zaidi ya hapo, unywele uliojikunja una kona nyingi, na kila kona ni mahali pepesi pa kuvunjika.

Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja yanaeleza lalamiko linalosikika kila saluni, kwamba nywele hazioti. Mara nyingi zinaota. Ila zinakatika kwenye ncha kwa kasi ile ile zinayoota kwenye shina, hivyo urefu haubadiliki. Kupima ni rahisi. Nywele zilizobaki kwenye kitana zikiwa na kijivimbe cheupe mwishoni, zimetoka na shina lake na huenda zilikuwa zimemaliza muda wake. Zikiwa vipande vifupi visivyo na kijivimbe, zimevunjika. Tofauti hii ni muhimu kwa mada yetu, kwa sababu kukanda ngozi ya kichwa hakuwezi kwa namna yoyote kuuzuia unywele kuvunjika sentimita 10 kutoka kwenye ngozi. Nywele zikivurugwa katika kukanda, uvunjikaji huo unaweza hata kuongezeka.

Dai la kwanza: damu

Dai linalorudiwa zaidi ni kwamba kukanda huamsha damu, na damu hulisha nywele. Nguvu yake iko wazi: ngozi iliyosuguliwa hupata joto, mtu huhisi kitu kimetokea. Wanaolitetea hutaja pia minoksidili, dawa iliyoanza kama tembe ya shinikizo la damu, ikaonekana inaotesha nywele, na mwaka 1988 dawa yake ya kupaka kichwani ikaidhinishwa Marekani. Wanasema kama dawa inayotanua mishipa inaotesha nywele, basi kukanda nako kutaotesha.

Hoja hii ina kasoro mbili. Kwanza, kichwa hakina upungufu wa damu. Kila aliyewahi kuona jeraha dogo la kichwani anajua linavyomwaga damu. Ngozi ya kichwa ni miongoni mwa ngozi zenye mishipa mingi zaidi mwilini. Pili, mwaka 1959 daktari Norman Orentreich wa New York alichapisha matokeo ya kuhamisha vipande vya ngozi yenye nywele kutoka kisogoni hadi sehemu zenye upara. Nywele zile ziliendelea kuota palepale ambapo za awali zilinyauka, zikitumia damu ileile. Kama tatizo lingekuwa damu, zingenyauka nazo. Katika upara wa kurithi, kinachoamua ni hali ya kifuko chenyewe na namna kinavyoitikia homoni. Dai la damu, kwa hiyo, linaeleza vizuri raha ya kukandwa, lakini halielezi nywele kuota.

Dai la pili: kunyoosha ngozi

Dai hili ni la kitaalamu zaidi, nalo linastahili kupewa uzito wake. Linasema kwamba ngozi inapovutwa na kuachiwa, chembe hai zilizo chini ya kifuko huhisi mvuto huo na kubadilisha utendaji wake. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo wanaume 9 wenye afya walikandwa kwa kifaa dakika 4 kila siku kwa wiki 24. Unene wa nywele uliongezeka kutoka milimita 0.085 hadi 0.092, yaani takriban asilimia 8. Kasi ya kukua haikubadilika. Mwaka 2019 ukachapishwa utafiti mwingine, wa watu 327 wenye upara wa kurithi waliojikanda wenyewe kwa kufuata maelekezo. Karibu 69 kati ya kila 100 walisema nywele zimeacha kupungua au zimeanza kurudi.

Namba hizi ndizo msingi wa matangazo mengi, kwa hiyo zipimwe kwa makini. Wanaume 9 ni wachache mno. Hawakuwa na upara, na nywele zao ni nyofu na nene kuliko za Waafrika. Ongezeko la unene wa asilimia 8 ni la kweli kwa kipimo cha maabara, lakini si nywele mpya mahali palipo wazi. Utafiti wa 2019 ulitegemea watu kujisemea wenyewe, bila kundi la kulinganisha, na mtu aliyejikanda miezi mingi bila mafanikio ana sababu ndogo ya kujibu maswali ya watafiti kuliko aliyefurahi. Hata hivyo, si haki kuutupa ushahidi huu. Unaonyesha kwamba jambo hili linawezekana, na kwamba kama kuna faida, huja baada ya miezi 6 ya kukanda kila siku. Anayetangaza matokeo ya wiki mbili hana cha kusimamia.

Kuna jaribio la tatu ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ndilo linalonishawishi zaidi. Mwaka 1998 madaktari wa Aberdeen, Uskoti, waligawanya wagonjwa 86 wenye ugonjwa wa nywele kutoka kwa mabaka katika makundi mawili. Wote walijikanda kichwa kila usiku kwa miezi 7. Kundi moja lilitumia mafuta yaliyochanganywa na dondoo za mimea kama rozimari na lavenda. Jingine mafuta matupu. Waliopata nafuu katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 44, na katika kundi la pili asilimia 15. Mikono ilifanya kazi ileile pande zote mbili. Hii maana yake kukanda peke yake hakukutosha kuleta tofauti ile, angalau katika ugonjwa huo, ambao pia kwa baadhi ya watu hupona wenyewe.

Dai la tatu: usafi

Dai dogo kuliko yote ndilo lenye nguvu kuliko yote. Meno ya silikoni hufika kati ya mistari ya nywele zilizosukwa, mahali ambapo kiganja hakifiki, yakaondoa jasho, vumbi, mabaki ya mafuta na magamba ya mba wakati wa kuosha. Kasese mjini, kwenye tambarare yenye joto, jasho na vumbi hukaa chini ya rasta kwa wiki nyingi. Juu Nyakalengija, waongozaji na wapagazi wanaopanda Rwenzori hukaa na kofia ya sufu kichwani kwa wiki nzima ya safari. Wote hao wana haja ya kuosha ngozi, na brashi huwarahisishia.

Lakini hata hapa kuna mpaka. Mba husababishwa kwa sehemu kubwa na kuvu wadogo wanaoishi kwenye ngozi na kula mafuta yake. Kuondoa magamba kwa brashi bila kupunguza kuvu hao kunaleta nafuu ya siku chache, na kupaka mafuta mazito juu ya ngozi yenye mba, kisha kuyakanda yaingie, ni kuwalisha. Anayehitaji kutibu mba anahitaji shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu, ikae kichwani dakika kadhaa kabla ya kusuuzwa. Brashi inasaidia kuifikisha, basi.

Nywele zinapotelea wapi

Hapa ndipo ninapoona mjadala wa brashi umepotoka, kwa sababu unaanza na kifaa badala ya chanzo. Chanzo kikubwa kwa wanawake wa Kiafrika kimepimwa: utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta karibu mwanamke 1 kati ya kila 3 ana upara wa kuvutwa, ule unaoanza pembeni ya paji la uso na juu ya masikio kwa kusukwa na kushonewa kwa kubana. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosuka rasta juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha. Dalili zake zinajulikana kila saluni: maumivu usiku wa kwanza, vipele vidogo kwenye mashina, tembe ya Panadol ili usingizi upatikane. Mazoea yamezifanya dalili hizi zionekane gharama ya kupendeza. Kumbe ni ngozi inayolia. Mwanzoni, mvuto ukiondolewa nywele hurudi. Mvuto ukiendelea miaka, kifuko hugeuka kovu, na hakuna brashi wala mafuta yatakayokifufua.

Uganda ina jambo linaloongeza hatari hii. Katika shule nyingi, wasichana kwa wavulana hukaa na nywele fupi mpaka wamalize. Binti anatoka Senior 4 au Senior 6 bila kuwahi kutunza nywele ndefu, na mara nyingi hatua yake ya kwanza ya uhuru ni kusuka rasta nzito juu ya nywele zilizoota kidogo tu. Nywele fupi zinahitaji kubanwa zaidi ili rasta zishike. Sisemi asisuke. Nasema miezi ile ya kwanza ndiyo mibaya zaidi kwa rasta nzito, na kuzifuata rasta hizo kwa brashi ya kukanda ni kutibu upande mmoja huku upande mwingine ukiendelea kuumizwa.

Milimani kuna mvuto mwingine ambao haumo katika vitabu vya saluni. Kwenye miteremko ya Rwenzori, upande wa Bakonzo wa Uganda na upande wa Wanande wa Congo, mizigo ya kuni na mazao hubebwa mgongoni kwa mkanda unaopita juu ya kichwa. Mkanda unaosugua na kukandamiza mstari uleule kila siku huvunja nywele na kuichosha ngozi chini yake. Kwa mwanamke huyo, ushauri wenye faida ni kitambaa laini chini ya mkanda, kubadilisha kidogo mahali unapokaa, na kutosuka kwa kubana kwenye mstari uleule. Kumshauri akande zaidi ngozi iliyosuguliwa mchana kutwa ni kumwongezea msuguano.

Vyanzo vingine nitavipita kwa haraka, kwa kuwa dawa yake iko wazi. Homa kali, kujifungua na upungufu wa damu huzisukuma nywele nyingi kwa pamoja katika hatua ya kupumzika, nazo hutoka miezi 2 au 3 baadaye. Mtu aliyeugua malaria Machi anaweza kuogopa nywele zake Juni bila kuunganisha mambo hayo mawili. Kwa kawaida hurudi zenyewe, mradi mwili upate chuma na chakula. Hapa ndipo brashi hupata sifa isiyo yake: mama ananunua brashi nywele zilipozidi kutoka, baada ya miezi 6 zimerudi, na sifa yote inaiendea brashi.

Kuchagua

Aliyeelewa mipaka hii anaweza kuchagua bila kudanganyika. Kwa matumizi mengi, brashi ya silikoni ya mkono ndiyo bora. Bonyeza jino kwa kidole: lipinde, lakini lisilale kabisa. Pitisha ncha zake ndani ya mkono. Zikikwaruza hapo, zitakwaruza kichwani. Meno yawe na nafasi kati yake, kwa maana yaliyobanana hunasa nywele zilizojikunja. Kipande kimoja kisicho na viungio ni bora kwa sababu hakifichi uchafu. Ya plastiki ngumu iachwe. Buibui wa waya, yule mwenye miguu mirefu yenye vijipira, anatuliza vizuri kichwa kilichonyolewa au chenye nywele fupi, lakini kwenye rasta ananasa, na vijipira vikitoka waya hubaki wazi. Brashi ya umeme au betri haijathibitishwa kushinda mkono. Inamfaa mwenye vidole vinavyouma kwa baridi yabisi.

Kiroli cha sindano ni jambo jingine kabisa, ingawa huuzwa pamoja na brashi hizi. Kuna jaribio la India la mwaka 2013 lililoonyesha kwamba sindano pamoja na minoksidili zilizidi minoksidili peke yake kwa wanaume wenye upara wa kurithi, lakini lilifanyika kliniki, kwa usafi wa kitabibu. Kiroli kinachopita vichwa viwili hubeba damu, na damu hubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kisiazimwe kamwe, wala kisitumike saluni.

Na vidole? Upinzani wa jirani ni wa haki. Hakuna ushahidi kwamba silikoni inaishinda ncha ya kidole katika kukanda, na mwenye bajeti ndogo hapotezi kitu akibaki na vidole vyenye kucha fupi. Brashi inavizidi katika kuosha chini ya nywele zilizosukwa na kuwaondolea wenye kucha ndefu kishawishi cha kujikwaruza.

Kutumia

Kosa kubwa ni kusugua nywele badala ya kusogeza ngozi. Meno yawekwe kichwani, yabonyezwe kwa upole, kisha ngozi yenyewe isogezwe juu ya mfupa kwa mizunguko midogo, na brashi iinuliwe kabla ya kuhamia mahali pengine. Ikiburutwa, nywele zilizojikunja hufungana mafundo. Dakika 4 hadi 5 zinatosha. Kwenye nywele zilizo wazi, zigawanywe mafungu na zichanuliwe kwanza. Kwenye mistari na rasta, brashi ifuate njia za ngozi kati ya misuko na isiivute mizizi yake. Wiki ya kwanza baada ya kusuka, ngozi ikiwa bado inauma, iachwe ipumzike. Kabla ya kutia dawa ya kulainisha, isitumike kabisa kwa siku kadhaa: dawa hiyo ni kali, na ngozi iliyokwaruzwa huungua.

Wapo wasemao kwamba hata kama haioteshi, haidhuru, basi mtu ajaribu. Ningekubali kama kusingekuwa na mapunye na makovu. Mapunye ni kuvu wanaoambukiza, wengi kwa watoto, na mbegu zake hukaa kwenye vitana, mashine za kunyolea na brashi. Brashi moja ya nyumba nzima inaweza kuyapeleka kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa wote. Tiba yake ni dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki 6 au zaidi. Kupaka peke yake hakufiki ndani ya kifuko. Wanaume wenye vipele vigumu kisogoni vinavyotokana na kunyoa kwa karibu nao huvichochea wakivisugua. Na kuna ugonjwa wa utosi unaowapata hasa wanawake weusi, unaoanza na kuwasha au kuungua katikati ya kichwa, kisha kuenea duara huku ukiacha ngozi laini inayong'aa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 uliuhusisha kwa baadhi ya wagonjwa na hitilafu za kurithi. Kila mwezi unaopita bila matibabu huongeza kovu. Hapo kujaribu brashi kwa miezi 6 kuna gharama, kwa sababu miezi ile hairudi.

Kwa hiyo anayetaka kujaribu ajaribu kwa mpango. Kila mtu awe na brashi yake, ioshwe kwa sabuni na kukaushwa juani, na ya saluni ilowekwe kwenye maji yenye jiki kidogo kati ya mteja na mteja. Apige picha ya paji na utosi siku ya kwanza, dirishani kwenye mwanga uleule, na arudie kila baada ya miezi 3. Rasta zilegezwe tangu siku hiyohiyo, la sivyo mvuto utaendelea kuziumiza nywele. Akiona usaha, mabaka yenye magamba, au utosi unaong'aa, aweke brashi chini na kwenda kituo cha afya, Bugoye kwa wa Nyakalengija, Hospitali ya Bwera kwa wa mpakani. Na kwa kuwa daktari wa ngozi si rahisi kumpata nje ya miji mikubwa, mtu wa kwanza kuiona dalili hiyo kwa kawaida ni msusi. Yeye ndiye anayegawanya nywele mstari kwa mstari kwa saa nyingi, mahali ambapo mwenye kichwa hawezi kujiona, na akimwambia mteja wake, "Dada, hapa leo sisuki, nenda kaonyeshe kwanza," anaweza kuziokoa nywele ambazo hakuna kifaa cha dukani kingezirudisha.